Oili ya difu na Kiswahili cha chini ya gari



Baada ya kile kipindi cha Kiswahili cha nyumbani mmetuletea maneno mengi, na nimeyasoma yote. Mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, upawa, chano, kawa, kinu na mchi wake. Mwengine kaleta majina ya khanga peke yake, ukurasa mzima. Mazuri wallahi, na mengine nilikuwa nshayasahau. Lakini nilipofika mwisho nikaona kitu: karibu maneno yote yametoka jikoni au chumbani kwa bibi. Hakuna hata mmoja wenu aliyeleta neno la chini ya gari.

Si ajabu. Sisi tuliozaliwa Maskati, Kiswahili tumekipata kwa mama na bibi. Baba zetu walikuwa wakitoka asubuhi na dishdasha na kofia zao, siku nzima Kiarabu na Kiingereza, wakirudi wamechoka. Halafu hadithi tunazosimuliana za wazee waliokuja miaka ya 70 ni za ofisini: huyu alikuwa PDO, yule benki, yule hospitali. Walikuja na Kiingereza cha shule za Unguja na nchi ilikuwa inataka watu wa kalamu, kwa hiyo ni kweli. Lakini walikuja na madereva pia, na mafundi, na vijana waliokuwa utingo kwenye magari ya shamba. Baba yangu ni mmoja wao. Alifika 1974, miaka minne tu tangu Sultan Qaboos ashike nchi. Mwaka 1970 lami ya Oman nzima ilikuwa kama kilomita 10, kwa hiyo mtu aliyejua kulitoa gari kwenye mchanga na kulifungua chini ya mti hakukosa kazi.

Basi safu ya leo ni ya difu.

Baba ana Land Cruiser ya mwaka 1996, ile ya umbo la mviringo, ambayo Waarabu wengi wa Ghuba wanaiita Layla Elwi, jina la yule mcheza sinema wa Misri. Tanzania nako magari ya aina hii yakaitwa mashangingi. Wanaume wa pande mbili za bahari wamekubaliana, bila ya kukaa kikao, kwamba gari nene lazima liwe mwanamke. Haya.

Kaka zangu wanataka liuzwe. Hoja zao si mbaya. Linakunywa petroli, Baba ameshapita miaka 70, magoti hayamruhusu tena kuingia chini, na tangu Disemba linavuma. Ukifika mwendo wa 80 unasikia sauti kwa nyuma, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa kwa mbali. Kaka mkubwa alilipeleka kwenye gereji moja, akaambiwa difu imekufa, nunueni nyengine au uzeni gari. Kufungua hawakufungua. Walisikiliza tu na kupiga hesabu.

Baba hakubishana nao. Alisema, "Mtu hazikwi mpaka aguswe mkono. Fungueni difu muone oili. Ikitoka na vipande vya chuma, uzeni, mie sitotia neno." Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Nani anaingia chini?"

Kaka mkubwa alikuwa amevaa dishdasha nyeupe. Kaka wa pili akakumbuka ana simu ya kupiga. Nikaingia mie.

Kabla sijakwambia nilichokikuta, kwa asiyejua difu ni kitu gani. Ni lile tofali la chuma la mviringo katikati ya ekseli, pale propela inapoingia. Ndani yake mna krauni na pinyoni: pinyoni inazungushwa na propela, nayo inaizungusha krauni, na nguvu inageuzwa ielekee kwenye tairi mbili. Lakini kazi iliyoipa jina ni nyengine. Gari likikata kona, tairi ya nje inakwenda masafa marefu kuliko ya ndani. Waweke watoto wawili wameshika mti mmoja wazunguke nguzo: wa ndani anatembea, wa nje anakimbia. Ukizifunga tairi mbili zende sawasawa, kila raundabauti moja itasugua lami. Difu inaziacha zitofautiane huku zote zinavutwa. Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, aliitia kwenye gari la mvuke miaka ya 1820, na mpaka leo mambo hayajabadilika sana.

Meno ya pinyoni hayagusani na ya krauni kwa kubiringika tu, yanatelezeana pia chini ya mzigo mkubwa. Oili ya injini haiwezi kazi hiyo. Inatakiwa oili ya gia yenye dawa za salfa na fosforasi zinazogandana na chuma, ile iliyoandikwa GL-5, na kwa joto letu namba 90. Ndiyo inayonuka vile. Ukishaisikia harufu yake hutoisahau, na mama yangu ameniambia wazi nguo zile zisiingie kwenye mashine yake. Angalizo moja: usifikiri iliyo nzuri kwa difu ni nzuri kwa giaboksi pia. Giaboksi nyingi za mkono zina pete za shaba ndani, na dawa za GL-5 zinaweza kuzila. Soma kitabu cha gari lako.

Na nimesema oili, sikusema mafuta. Hapo Baba alinisahihisha kabla sijalala chini. "Mafuta ni petroli, na mafuta ni ya kupikia. Hii oili."

Tulifanya kazi hii Al Khoudh, uani kwetu, Ijumaa moja ya Januari asubuhi. Mwezi wa Agosti ungelifanya baada ya alfajiri au usingelifanya kabisa. Kwanza alinituma nikaliendeshe mpaka Mawaleh na kurudi, maana oili ikipata moto inakuwa nyepesi na inatoka na uchafu wake. Lakini isiwe moto wa kuunguza. Kisha gari likae pahala palipo sawa, breki ya mkono juu, mawe mbele na nyuma ya tairi. Land Cruiser ya zamani imenyanyuka, mtu unaingia bila ya jeki. Mwenye gari la chini atahitaji jeki, na jeki peke yake usiiamini hata dakika moja: weka stendi mbili madhubuti, na likae sawa bado, si pua juu, la sivyo kipimo cha oili kitakudanganya.

Difu ina vizibo viwili. Cha chini ni cha kumwagia. Cha juu, ubavuni, ni cha kujazia. Sasa hapa ndipo Baba alipokitoa kiti chake cha plastiki kivulini akakisogeza mpaka nikaona miguu yake tu na kikoi.

"Utaanza wapi?"

"Cha juu."

"Kwa nini?"

Jibu nililijua, kwa sababu nimelisikia tangu utotoni akiwapigia kelele watu wengine. Ukianza cha chini, oili yote ikamwagika, halafu cha juu kikakataa kufunguka au kikavunjika meno, umebaki na gari lisilo na oili, huna pa kuitilia, na gereji iko Wadi Kabir. Kwanza hakikisha pa kujazia panafunguka. Spana ya soketi namba 24, isogee mpaka mwisho, isikae nusu.

Kizibo kilikataa. Miaka mingi ya vumbi na maji ya chumvi. Nikaomba bomba la chuma nirefushe mkono wa soketi, akanipa, lakini akaniambia, "Usikivute. Kishtue." Nikavuta. "Nimesema kishtue." Akanipigia mfano kwa kiganja juu ya paja: pa, pa, pa. Mapigo mafupi. La tatu kikalegea kwa sauti kama ya ufa.

Hapo ndipo nilipoelewa nini hasa tunakikosa katika maneno ya magari, na nataka nikae hapa kidogo.

Majina ya vitu hayajapotea. Majina tunayo sote, na tumechangia na nusu ya dunia. Nenda Wadi Kabir au Ghala, au kwenye magereji ya Maabilah, useme spana: Mwarabu wa Ghuba anasema sbana, atakuelewa. Pancha kwake ni banshar. Tairi ni tayir, breki ni brek, gia ni gir, rivasi ni rewes. Kiingereza kimepita huku na huko kikamwaga maneno yale yale. Usukani wetu ni sukkan yao, na pande zote mbili neno limeshuka kutoka chomboni, ule usukani wa nyuma ya jahazi, likapanda garini. Hata neno gari lenyewe limetoka India, kwa hiyo fundi kutoka kule ukimwambia gari hashangai. Ukiwa na nomino tu utafanya kazi Maskati nzima na hutohitaji Kiswahili hata kidogo.

Vitendo ndivyo visivyopatikana Wadi Kabir. Kushtua si kuvuta. Kulegeza si kufungua: unalegeza kwa spana, unafungua kwa vidole. Wakati wa kurudisha kizibo, Baba hakusema nikikaze, alisema, "Kionjeshe." Maana yake uzungushe kwa vidole vitupu, pole pole, mpaka ujue nyuzi zimekutana na hazikupandana. Ukishaonjesha ndiyo unabana. Ukishabana ndiyo unakaza. Na ukipita hapo, "Ushakinyonga, mwanangu, basi, basi." Nilikuwa na kitabu mkononi, kinasema nyutonimita 49 kwa gari hili, na spana ya kipimo niliazima. Nikakaza kwa mkono mpaka aliposema basi, kisha nikapima. Ilikuwa 45 na kitu. Hajawahi kuishika spana ya kipimo maisha yake.

Mie Kiarabu nasema, Kiingereza nasema, lakini mambo manne yale, kuonjesha, kubana, kukaza, kunyonga, ningelitaka kumweleza mtu kwa lugha nyengine ningelitumia mkono. Na hayafundishwi mezani. Nimekula na Baba chakula cha mchana kila Ijumaa ya maisha yangu na neno kushtua halijapita kwenye sahani hata siku moja. Lilikuwa linasubiri kizibo kilichokataa.

Haya, turudi chini.

Cha juu kimefunguka, unatia kidole. Oili inatakiwa iwe usawa wa mdomo wa tundu, au chini yake milimita 5 si zaidi. Kidole changu kilikwenda mpaka kifundo cha pili kisikute kitu. Nikamwambia. Akakaa kimya, akasema, "Mwaga."

Beseni chini, kizibo cha pili, mkono ujiandae kukwepa. Ilitoka nyeusi, nzito, na harufu yake. Difu ya nyuma ya gari hili inachukua lita 3 na robo. Kwenye beseni tulipata lita 2 kasoro. Kizibo chetu cha chini kina sumaku, na sumaku ndiyo hukumu. Ikiwa na uji mwembamba wa kijivu, laini, usiokwaruza ukiusugua kwa vidole, huo ni ukongwe wa kawaida. Ikiwa na vipande unavyoweza kuvihisabu, meno yanakatika, na hapo kaka zangu wameshinda. Nikakifuta kwa tambara jeupe nikampelekea juu. Akauchukua uji kwa kidole cha shahada, akausugua kwa gumba, akauangalia juani. Kaka zangu nao wakasogea, dishdasha na simu zao.

"Wanja," akasema. Na kweli ulikuwa kama wanja. Hamna hata chembe.

Basi difu haikufa, ilikuwa na kiu. Nilipomulika mbele yake, pale propela inapoingia, palikuwa na utandu wa oili na vumbi limeganda. Sili ya pinyoni inavuja, kidogo kidogo, pengine kwa miaka. Oili ikipungua, beringi zinakosa, zinaanza kulalamika.

Ya mbele ilituletea habari nyengine. Hiyo inachukua lita 2.8, na ilipotoka kaka wa pili akasema, "Karak!" Hakukosea. Rangi ya chai ya maziwa, na povu. Maana yake maji yameingia.

Yaliingiaje? Mwezi wa Novemba tulikwenda Wadi Al Arbaeen, familia nzima, gari tatu. Mnaijua njia ile, mnakata vidimbwi. Sisemi wadi inayoshuka: hiyo usiingie hata uwe na kifaru, na sheria ya barabara ya Oman inamwadhibu anayeingia. Nasema maji yaliyotulia ya kufika nusu ya tairi. Difu imetoka barabarani, imepata moto, hewa ndani yake imetanuka. Unaitumbukiza kwenye maji baridi, hewa inanywea ghafla, inataka kuvuta kitu kutoka nje. Kwa kazi hiyo kila difu ina kipumulio juu yake, ivute hewa. Lakini kipumulio kikiziba kwa tope, inavuta kupitia kwenye sili, na sili iko ndani ya maji. Chetu cha mbele kilikuwa kimezibwa na udongo mgumu kama saruji. Niliutoa kwa msumari.

Kwa wenye magari yaliyopita kwenye mafuriko, wale wa Qurum walioionja Gonu mwaka 2007, wale wa Suwaiq na Khabura wa Shaheen Oktoba 2021: injini kila mtu aliikumbuka, difu wengi hawakuifungua. Gari linatembea tu na maji ndani, halisemi kitu, mpaka kutu ishike beringi.

Kujaza ni kazi ya subira zaidi kuliko nguvu. Chupa haiingii pale juu, unatumia pampu ya mkono na mpira, unatia mpaka oili yenyewe ianze kurudi kwenye mdomo wa tundu, unaiacha ichuruzike mpaka ikate, unafunga. Washa mpya kwenye kila kizibo. (Neno washa mie nalijua la kuwasha taa. Hili ni lile duara dogo bapa linalozuia kizibo kisivuje, na usilirudishe la zamani kwa ubakhili wa baisa chache.) Ya mbele tuliitia oili ya bei rahisi kwanza, nikaliendesha mtaani robo saa, tukaimwaga, ikatoka bado na ukungu, ndiyo tukatia nzuri. Na hata hiyo Baba amesema tuifungue tena baada ya kilomita 1,000, maana maji hayatoki yote mara moja.

Oili chafu niliirudisha kwenye madumu yaliyokuwa ya mpya nikaipeleka kwenye duka la kubadilisha oili pale petroli stesheni, wana pipa lao. Usiimwage uwanjani nyuma ya nyumba kwa kuwa hapana anayekuona. Watu wengine wanakunywa maji ya visima.

Baada ya Ijumaa tukalipandisha mlima wa Amerat kutokea Bausher, Baba kiti cha abiria, kioo chini, sikio nje. Mvumo umepungua sana, lakini haukuisha. Kwenye kupanda haupo, kwenye kushuka ukiachia mguu unarudi kidogo. "Beringi ya pinyoni," akasema. "Imeumia. Meno mazima." Kaka mkubwa, aliyekuwa nyuma, akauliza beringi na sili kwa pamoja zitagharimu nini na nani atazifanya. Swali la haki. Baba akasema kuzitia beringi za pinyoni si kazi ya uani, inataka vipimo na mashine ya kukandamiza, na gereji iliyosema difu imekufa bila kuifungua hairudi kule. Wamekubaliana gari lisiuzwe mpaka ile ya mbele ifunguliwe mara ya pili na tuone rangi yake. Itakuwa mwezi wa Machi, kwa anavyoendesha sasa.

Daftari langu lina maneno 31. Moja limenishinda. Kipumulio ni jina nililolitia mie mwenyewe. Baba anasema wakati wa utingo, kwenye malori ya mbao ya Unguja, walikuwa na jina lake la kuchekesha, la mnyama, na siku nzima halikumjia. Kama una babu au baba aliyeshika magari yale Bububu, Mkokotoni, Makunduchi au Pemba, muulize, mtuletee kwa sauti yake mwenyewe.